Doa Nililoliombea Kichwani

Msimu ule pamba ililala ndani ya nyumba pamoja nasi. Bibi alikuwa amegoma kuiuza. Zile enzi za ushirika kuwa mnunuzi peke yake zilikwisha, kampuni za watu binafsi zikaanza kuja kijijini kwetu Ngulyati na mizani zao na magari yao, kila moja ikiisema nyingine vibaya, na bibi akasema watasubiri mpaka washike adabu. Basi chumba cha kati kilijaa pamba mpaka usawa wa dirisha. Juu ya rundo hilo ndipo nilipojifunza kulala bila kutikisika.

Nilikuwa najifunza kwa sababu nilitakiwa kwenda Mwanza kupigwa picha ya kichwa, ile wanayoiita CT scan. Muuguzi wa Bariadi alituambia kwamba ndani ya mashine hiyo mgonjwa akitikisika picha inaharibika. Sasa jamani, kutikisika ndio ulikuwa ugonjwa wangu wenyewe! Nilikuwa naanguka. Nilikuwa msichana mzima, mwenye kazi, mwenye viatu vya kisigino, na nilikuwa naanguka chini mbele za watu.

Mara ya kwanza nilianguka kazini. Nilikuwa karani wa mojawapo ya kampuni hizo, msichana peke yangu kwenye banda la kununulia pamba, na nilikuwa na mdomo, maana wakulima wakiona karani ni msichana wanajaribu kupitisha pamba iliyomwagiwa maji ili ipate uzito. Siku hiyo nilikuwa nagombana na mzee mmoja kwa kosa hilo hilo. Kwanza ikaja harufu ya ardhi iliyonyeshewa, na ilikuwa kiangazi, vumbi tupu. Kisha sauti ya yule mzee ikaenda mbali, ikawa kama inatoka kisimani. Nikauona mdomo wake unasogea polepole. Nikampenda ghafla, sijui kwa nini, nikataka kumwambia basi baba, pitisha tu, mali yenyewe si yangu. Nilipozinduka nilikuwa chini, ulimi unaniuma, na watu wamenizunguka kwa mbali, kwa sababu kwetu watu huogopa mate ya mtu anayeanguka.

Sitasema uongo, dakika ile kabla ya kuanguka ilikuwa tamu. Hilo sikumwambia mtu yeyote, wala mama.

Nyumbani tulikuwa watatu: mimi, mama, na bibi mzaa baba. Baba alikuwa ameshafariki. Bibi alikuwa mganga, na si mganga wa kubahatisha. Watu walitoka mpaka Kiloleli wakiwa na kifaranga kwenye kikapu, yeye anakipasua, anakiinamia, anasoma ndani yake nani anawasumbua na kwa nini. Alikuwa mgomvi, mchoyo wa ugoro, akikutania unaweza kulia. Lakini kazini hakuwahi kumwambia mtu uongo. Nilishamwona akimrudisha mtu mwenye pesa zake mkononi: "Sioni kitu. Nenda." Mtu anaondoka amenuna, na sisi tunalala bila nyama.

Kazi hiyo bibi hakuichagua. Alipokuwa msichana alianguka kisimani, akaanguka tena shambani, wazee wakamtazamia, wakasema ni masamva, yaani wazee wetu waliokufa, wanamtaka. Wakamvisha shanga, akapona, akawa mganga. Na sasa alikuwa amezeeka na hakuwa na wa kumrithi. Kwa hiyo siku niliporudishwa kutoka kazini nimebebwa kwenye baiskeli, ulimi umevimba, bibi hakulia. Alipiga makofi. Alisimama mlangoni akapiga makofi, akasema, "Wamefika!"

Makofi yale yalinichoma. Niliumwa mimi, yeye akafurahi!

Mama akaja juu. Mama alikuwa binti wa katekista, rozari haikumtoka mkononi, na miaka yote aliyoishi kwa mama mkwe wake alikuwa amenyamazia vifaranga na shanga kwa heshima tu. Siku hiyo hakunyamaza, akataka nipelekwe hospitali kwenye mashine ya kupiga picha ya kichwa. Walizozana uani mpaka mbuzi wakahama. Mwishowe bibi akasema, "Haya mayu, mama yangu, tusiuane. Twendeni kwenye hiyo mashine yenu. Nitatoa ng'ombe wangu mwenyewe, auzwe. Mashine ikiona kitu kichwani, huo ni ugonjwa wa hospitali, atibiwe, nami mdomo wangu naufunga. Isipoona kitu, huyu ni wangu. Usije ukalia."

Mama alikubali. Angefanya nini? Ng'ombe hakuwa wake.

Mimi hakuna aliyeniuliza. Nami nilikuwa na mipango yangu. Nilitaka duka la vitambaa pale Bariadi mjini. Siku hizo kila kitu kilikuwa kinaingia, vitenge, mapazia, mashuka yenye maua, vitu ambavyo utoto wetu wote tulivisikia tu, na nilishachagua mpaka upande wa barabara ambako duka lingekuwa, upande usiopigwa na jua la mchana ili rangi zisipauke. Mtu akivishwa zile shanga hana duka. Anaishi kwenye nyumba ya uganga, ana miiko yake, anaamshwa na wagonjwa, na maisha yake si yake tena. Niliyaona kwa bibi. Sikuyataka hata kidogo.

Basi nikaanza kuombea doa. Wagonjwa wengine wanaomba wasikutwe na kitu. Mimi nilipiga magoti nikamwomba Mungu aweke kitu kichwani mwangu, kidogo tu, chenye jina, kinachotibika. Doa dogo la ukubwa wa punje ya mtama. Nilikuwa mwerevu sana kwenye sala ile, nikamwekea Mungu na vipimo.

Maandalizi yenyewe yalikuwa ya ajabu. Muuguzi alisema nisiende na chuma chochote mwilini: hereni, pini za nywele, vifungo vya chuma, zipu. Zipu! Nenda kwenye mitumba Bariadi siku ya gulio utafute gauni lisilo na zipu, utajua dunia ina zipu ngapi. Nilipekua marundo mchana kutwa, jua linawaka, wauzaji wanaimba bei zao, na mikono yangu inapita kwenye nguo za wanawake wa mbali nisiowajua, baridi ya nguo zao, harufu ya dawa ya nondo, nikawa kama natembea kwenye nyumba za watu waliolala. Mwishowe nikapata gauni la bluu, jepesi, la kujifunga kwa mkanda wa kitambaa. Nilijiona malkia. Baadaye sana ndipo nilipokuja kujua kwamba lilikuwa gauni la kulalia. Nilipanda basi hadi Mwanza nimevaa gauni la kulalia la mzungu, na hakuna aliyesema neno.

Nikajifunza kulala. Mchana napanda juu ya pamba, nanyosha mikono, nafumba macho. Bibi anakaa mlangoni na kopo lake la ugoro, ananisimamia. Kwa nini alijitia kwenye jambo lile sijui. Nadhani alikuwa anataka ng'ombe wake asipotee bure.

"Umepumua sana," anasema.

"Sasa nisipumue, bibi?"

"Pumua, lakini usitufikishie taarifa."

Nikicheka anagonga fimbo chini tuanze upya. Polepole nikaweza. Mwanga uliingia kupitia dirisha dogo, mavumbi ya pamba yakaelea ndani yake, hayapandi wala hayashuki, na nikilala vile muda mrefu nilipoteza mpaka mahali mwili wangu unapoishia na pamba inapoanzia. Kichwa changu kikawa chumba. Nikawa nazunguka ndani yake polepole, nachungulia pembeni, natafuta lile doa langu. Mara nyingine niliona kama kuna mtu amekaa humo, amenipa mgongo. Nikimkaribia nazinduka. Sijui kama zilikuwa ndoto. Bibi aliniuliza mara moja, "Kuna mtu?" nami nikasema, "Hakuna, bibi," haraka mno, akanitazama, akanusa ugoro wake.

Asubuhi ya safari yeye naye akaniandaa kwa upande wake. Alikoroga unga wa mtama kwenye maji, akanipulizia kichwani na kifuani, akisema maneno yake na wazee wake kwa Kisukuma cha zamani ambacho nusu yake sikukielewa. Kisha akanikalisha chini katikati ya magoti yake, akanishonea shanga za bluu na nyeupe kwenye misuko, karibu na utosi.

"Za nini tena, bibi?"

"Ili wazee wakujue huko. Mji ule una watu wengi. Wasije wakaniambia nimewafungia mlango." Akavuta uzi mpaka nikatoa machozi. "Na zikivuliwa, hiyo picha siitambui. Mwambie mama yako."

Mama alikuwa amesimama pale pale, anasikia kila kitu. Akasema tu, "Tumesikia, mama," akabeba mfuko.

Tulifika Lamadi jua likiwa juu. Basi lilisimama, akina mama wakaja madirishani na masinia ya samaki wa kukaanga, mama akaninunulia mkubwa, akasema kula, kesho huli. Nilikula nikitazama ziwa. Lilikuwa jeupe, halina mwisho, limelala bila kutikisika kuliko hata mimi. Nilijiambia kwamba kama kweli kuna watu wananitaka, wangefanya vizuri kuishi humo. Mwanza tulilala kwa mdogo wake mama, na asubuhi ile nyumba nzima ilinuka chapati. Nilikatazwa kula, nikatakiwa ninywe maji tu. Niwaambie, njaa ya kukatazwa si njaa ya kukosa. Inakufanya uone vitu. Niliona mvuke wa chai ukitoka kwenye kikombe cha mtu mwingine nikaufuata kwa macho mpaka darini, nikasahau nilipo, mama mdogo akadhani naanguka, akapiga yowe.

Hospitalini tulikaa kwenye benchi refu lililopakwa rangi ya kijani. Wengine walikuwa wameletwa wamelala, wengine wamefungwa vichwa. Mimi peke yangu nilikuwa mzima wa kutembea, na gauni langu la bluu, na unga wa mtama umekauka kwenye misuko. Mama alikuwa anasali, midomo inakwenda mbio. Nikamuuliza, "Mama, unaomba nini?"

"Naomba wakute safi. Wasikute kitu chochote."

"Mama! Wasipokuta kitu si umenikabidhi kwa bibi?"

Alikamilisha punje aliyokuwa ameishika kwenye rozari yake, akahamia nyingine, ndipo akasema kwa sauti ya chini, "Mwanangu, bora uvae shanga mpaka magotini, uwe mganga, niwe nakuona kila siku, kuliko nikuzike Mkristo."

Binti wa katekista huyo! Nilimkasirikia, kweli kabisa, nilimkasirikia mama yangu kwa kutaka niwe mzima. Tukakaa bega kwa bega kwenye benchi lile, tunasali kwa Mungu mmoja, kila mmoja akimwomba asimsikilize mwenzake. Nilitamani kumshika mkono na sikumshika.

Nikaitwa. Mtaalamu wa picha alikuwa mwanamume mnene, mpole, mwenye koti jeupe lililombana. Aliniuliza kama nimekula, kama nina mimba, kama dawa yoyote au samaki huniwasha. Nikamwambia samaki nilimla jana na hajanifanya kitu. Akacheka. Kisha akanitazama kichwani.

"Dada, hizo shanga zitoke."

"Ni za kioo," nikasema. "Hazina chuma."

"Hata kama. Zitapiga kivuli kwenye picha, tushindwe kujua kipi ni cha kichwani na kipi ni cha kwenye nywele."

Kivuli! Wazo likanipitia, na lilikuwa wazo baya. Ziachwe. Zipige kivuli, daktari akione, akiite ugonjwa, akipe jina. Doa langu hilo hapo, limeshonwa na bibi mwenyewe! Nilifungua mdomo nianze kubishana na yule mtaalamu, na kubishana nilikuwa nakuweza. Lakini mama alikuwa ameshaingia nyuma yangu bila kuitwa.

"Bibi yake atasema picha haihesabiki, daktari," mama akamwambia. Kwa mama kila mwenye koti jeupe alikuwa daktari.

"Mama, sasa tufanye nini? Hapa kuna foleni."

Mama hakubishana. Aliniinamisha kichwa, akaanza kukata nyuzi kwa meno, mojamoja, pumzi yake ya moto utosini mwangu. Alipomaliza zote alizikusanya kiganjani, akafumba ngumi. Miaka yote ile hakuwahi kuzigusa shanga za bibi, hata zilizoanguka chini alizisogeza kwa ufagio. Sasa alisimama pale rozari mkono wa kulia na shanga mkono wa kushoto. "Nitazishika mpaka utoke," akaniambia. "Bibi yako akiuliza, zilikuwepo. Mlangoni, na mimi. Nenda."

Nilikwenda.

Mashine ilikuwa duara kubwa jeupe, lenye tundu katikati, kwenye chumba chenye baridi ambayo kwetu hakuna. Nikalazwa kwenye kitanda chembamba, kichwa kikawekwa mahali pake kikafungwa kwa mkanda. Kitanda kikaniingiza ndani polepole. Ndani mlikuwa na mngurumo wa kitu kinachozunguka nisichokiona. Sauti ya yule mtaalamu ikatoka ukutani, "Dada, usitikisike," nami nikarudi juu ya pamba. Nikapumua bila kumfikishia mtu taarifa. Nikafumba macho, mavumbi meupe yakaanza kuelea.

Kisha akaja kunichoma dawa kwenye mshipa, ile ya kufanya picha ionekane vizuri, akaniambia nitasikia joto. Lo! Joto lilipanda mkononi, likafika kooni, likashuka tumboni mpaka chini, nikaamini nimejikojolea mbele ya mwanamume wa watu. Mdomoni ladha ya shilingi. Na ndani ya joto lile, taratibu kabisa, ikaja harufu ya ardhi iliyonyeshewa.

Nikajua naanguka. Humo humo ndani ya mashine, nimefungwa kichwa. Mngurumo ukaenda mbali. Utamu ule ukanijia, na yule mtu wa chumbani, aliyenipa mgongo, nikamwona amekaa palepale. Kwa mara ya kwanza nikamsemesha. Nikamwambia moyoni: kama upo, geuka. Sasa hivi, wakati wanapiga picha. Uonekane, uwe doa, uwe babu, uwe chochote, lakini uonekane tumalize. Usinifanye mjinga. Sikutikisa hata ukope. Joto likapoa. Harufu ikasimama juu yangu kitambo, kisha ikapita ikaenda zake, kama mvua inayowapita ninyi ikanyeshe kijiji cha jirani. Sikuanguka.

Tulisubiri majibu mpaka alasiri. Daktari aliyetuita alikuwa kijana mwenye miwani, amechoka. Aliipachika picha yangu kwenye kisanduku chenye taa, nikakiona kichwa changu kimekatwa vipande vipande kama kitunguu, vyote vimepangwa kwa mistari. Alivipitia kwa kalamu. Akageuka akatabasamu.

"Safi," akasema. "Hongera, binti. Hakuna uvimbe, hakuna kovu, hakuna kitu chochote."

Mama alipiga kigelegele. Pale pale ndani ya ofisi, muuguzi akafungua mlango kuja kumkaripia. Mimi nilianza kulia, na daktari akanipigapiga begani akidhani ni furaha. Akaeleza mambo mengi kwa upole. Kwamba picha kuwa safi si kwamba siumwi. Kwamba nina kifafa, na vipo vifafa visivyoacha alama yoyote ya kuonekana. Kwamba nitameza vidonge kila siku, labda kwa miaka, na huenda nikaacha kuanguka. Yote hayo nilikuja kuyakumbuka baadaye. Wakati ule nilisikia neno moja tu, safi, na ndani yake nikasikia makofi ya bibi.

Safari ya kurudi siikumbuki vizuri. Nakumbuka bahasha kubwa ya kahawia magotini mwangu, na mama amelala begani mwangu mdomo wazi, amechoka kwa furaha. Duka langu la vitambaa nilikuwa nalifunga moyoni, kitambaa kimoja kimoja. Niliyakunja mapazia. Niliyakunja mashuka yenye maua. Nilikuwa nimeshakubali, nadhani. Mtu akikubali jambo asilolitaka anapata usingizi fulani, hata macho yakiwa wazi.

Bibi alikuwa uani anaanika michembe, vile viazi vitamu vya vipande. Alipotuona aliacha. Hakuuliza safari wala hakutupa pole. Alinitazama kichwani.

"Shanga ziko wapi?"

Mama akafungua kitambaa alichokuwa amezifungia. "Zilikatazwa ndani, mama. Nilizishika mimi, mlangoni, mwanzo mpaka mwisho. Sikuziweka hata chini."

"Wewe?"

"Mimi, mama."

Bibi alimtazama mkwewe muda mrefu. Sijui kilichopita kati yao, lakini sauti yake ilikuwa imebadilika aliposema, "Haya. Wabeja, asante. Zimehesabika." Kisha akanyoosha mkono. "Nipe hiyo picha."

"Daktari amempa vidonge, lakini amesema picha ni safi," mama akasema. "Hawakukuta kitu." Akalisema wazi, hakulizunguka, na nikaona machozi yamemlenga, maana alijua anatoa nini.

"Sikumuuliza daktari."

Bibi aliitoa picha kwenye bahasha, akaiinua kwenye jua. Hakuwahi kushika kitu cha namna ile, lakini mikono yake ilikuwa ya mtu aliye kazini. Alianza kipande cha kwanza. Akakisogelea karibu, akakiacha, akaenda cha pili. Kivuli cha vichwa vyangu vyote kilikuwa kimemwangukia usoni, kinatembea kila akigeuza. Kuku wakaja kwenye michembe na hakuwafukuza. Niliujua uso ule, watu walitembea mchana kutwa kuja kuuona. Nikasubiri makofi.

Alirudia kutoka mwanzo. Mwishowe akaishusha.

"Hawamo," akasema.

"Akina nani, mama?" mama akauliza.

"Hawamo, mayu. Nimepita kichwa chote. Hakuna mtu humu." "Nilimtaka huyu. Mnajua nilivyomtaka. Lakini hawajaja."

Ningepaswa kuruka. Nilikuwa nimeachiliwa, ee gete, kweli kabisa, na mapazia yangu na mashuka yangu. Badala yake nikasikia sauti ikisema, "Tazama tena, bibi." Ilikuwa sauti yangu. "Tazama tena vizuri. Labda nyuma."

Alitazama tena. Kwa ajili yangu alitazama tena, taratibu, hadi kipande cha mwisho, na jasho likamtoka. Kisha akatikisa kichwa.

"Basi mimi nina nini?" nikamuuliza. Nililia kama sikuwahi kulia, wala si kwa sababu ya shanga wala duka. Nililia kwa sababu yule mtu wa chumbani nilikuwa nimemzoea. "Kama si hospitali, kama si wazee, mimi nina nini, bibi?"

"Unaumwa, mjukuu wangu," bibi akasema. "Unaumwa tu."

Akairudisha picha kwenye bahasha, akaiweka juu ya pamba mlangoni. Akaingia ndani mwenyewe, yeye ambaye maji aliletewa siku zote, nikasikia kata ikigonga ukingo wa mtungi. Alitoka na kikombe kimejaa, amekishika kwa mikono miwili.

"Hivyo vidonge walivyokupa viko wapi?" akauliza. "Kimeze kimoja hapa, nikuone."